Mchanga chini ya magenge ya Tanga: Raskazone, Kigombe, Mkoma au Ushongo?

Ukiuliza mjini Tanga ni ufukwe gani uliotulia wa kwenda kupumzika chini ya genge, yaani chini ya ukuta wa mwamba unaosimama juu ya mchanga, majina manne yatakujia haraka: Raskazone, Kigombe, Mkoma na Ushongo. Kila msemaji anasifia kwake, na kila mmoja ana haki yake. Tatizo ni kwamba ufukwe uliomfurahisha aliyefika saa nne asubuhi unaweza kumkatisha tamaa aliyefika saa kumi jioni siku hiyohiyo, kwa kuwa mchanga hauonekani tena na mawimbi yanapiga kwenye mwamba. Wengi huchagua kwa picha, na picha haisemi ilipigwa maji yakiwa wapi.

Hapa fukwe hizo nne zinapimwa kwa vigezo vilevile vitano: maji, genge, chini ya mguu, utulivu, na safari pamoja na njia ya kufika hospitali ukiumia. Kigezo cha kwanza kina uzito kuliko vingine vyote, kwa hiyo tutakaa nacho.

Kuna watakaouliza mbona Bagamoyo haimo. Pwani ya Bagamoyo ni tambarare: mchanga mpana mbele ya Mji Mkongwe, kisha mikoko unapoelekea Kaole. Ina uzuri wake, ila magenge ya kukaa chini yake haina.

Maji

Pwani ya Tanga maji hupanda na kushuka mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita tatu. Wakati wa maji mafu hubaki mita moja na kidogo. Ufukwe ulio chini ya genge hauna pa kurudi nyuma kama ulivyo ufukwe wa minazi. Maji yakija, mchanga unakwisha na ukuta unaanza.

Kalenda ya mwezi mwandamo inatosha kukupangia siku. Kuanzia tarehe 29 hadi 2, na tena tarehe 14 hadi 16, ni bamvua: maji hupwa kabisa kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, na hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Tarehe 7 hadi 9, na 21 hadi 23, ni maji mafu, na saa zinageuka: maji hujaa kati ya saa nne na saa sita mchana, yakapwa jioni, tena hayaendi mbali. Siku za katikati, ongeza kama dakika 50 kila siku inayopita. Ukiwa na jedwali la maji la Tanga au Zanzibar, tumia hilo kwa saa kamili. Kalenda ni ya kuchagulia siku tu.

Watu wengi hudhani maji hupanda kwa mwendo mmoja. Sivyo. Chukua bamvua yenye tofauti ya mita 3.6. Katika saa ya kwanza baada ya kupwa, maji hupanda sentimita 30 hivi, na mtu haoni hata badiliko. Saa ya pili ni sentimita 60. Saa ya tatu na ya nne ni sentimita 90 kila moja, yaani kutoka kifundo cha mguu hadi kiunoni ndani ya saa moja. Kisha 60, kisha 30. Kwa hiyo saa ile ya kwanza tulivu ndiyo inayowadanganya watu: wamekula, wamelala kidogo, wanaamka maji yameshaanza kukimbia.

Kuna hatari nyingine ndani ya hiyo. Chini ya magenge, ufukwe umekatwakatwa kuwa vighuba vidogo, na kati ya kighuba na kighuba kuna ncha ya mwamba iliyojitokeza baharini. Maji hufika kwenye ncha kabla ya kufika ulipotandika kanga yako. Unaweza kuwa umekaa pakavu kabisa, huku njia ya kutokea imeshakuwa na maji ya magoti na mawimbi ya kukubamiza kwenye jiwe kali. Kanuni ya kushika ni hii: ingia chini ya genge saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, na dakika ile yanapopwa kabisa ndipo ugeuke kurudi. Usisubiri yaanze kupanda.

Na kama huna jedwali wala kalenda, soma ukuta. Mwamba wa pwani una mistari. Chini kabisa kuna majani mabichi na utelezi. Juu yake kuna ukanda wa chaza walioshikamana na jiwe, wamepangana kingo juu kama vipande vya sahani iliyovunjika, na ndani ya matundu kuna kaa wadogo. Juu ya chaza jiwe ni jeusi, na juu zaidi ni kijivu, kavu, lenye mimea midogo. Chaza hawezi kuishi asipofunikwa na maji kila mara. Simama kwenye mchanga ukutazama ule ukanda: ukiwa usawa wa kifua chako, basi hapo uliposimama maji yatakuja kifuani na zaidi. Ukiwa juu ya kichwa, kwenye bamvua mahali hapo hapana pa kukimbilia.

Upepo nao una sehemu yake. Kaskazi, Desemba hadi Machi, kuna joto na maji huwa safi zaidi ya kuona chini. Kusi huvuma kwa nguvu Juni hadi Septemba. Asubuhi bahari hutulia, lakini mchana upepo hupanda na mwani hurundikana kwenye mchanga. Kipindi cha maleleji, kati ya pepo hizo mbili, ndicho kitamu kwa kuogelea. Masika, Aprili na Mei, barabara za udongo huharibika na mito huleta maji ya matope.

Genge, na kilicho chini ya mguu

Mwamba wa magenge haya ni matumbawe ya kale, yaliyoota bahari ilipokuwa juu kuliko leo, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Ni jiwe lililojaa matundu na ncha. Ukiteleza ukalishika, linachana ngozi. Bahari hulila kwenye usawa wa maji kujaa, likabaki limechimbwa chini na kutokeza juu kama upenu. Kivuli cha upenu huo kinavutia sana saa saba mchana. Usilale hapo. Ukiona vipande vya mwamba vyenye kingo mpya, zisizo na chaza wala weusi, vimelala juu ya mchanga, ujue vimeanguka karibuni, na vingine vitafuata. Hatari ni kubwa zaidi wakati wa masika na wiki chache baada yake, maji ya mvua yanapopenya kwenye nyufa na mizizi.

Ambako gema, yaani ukuta wa pwani, ni la udongo badala ya mwamba, tabia ni nyingine: huporomoka kwa mabonge kuanzia juu, hasa nyayo za watu zikipita ukingoni. Kaa mbali na shina lake kwa umbali usiopungua kimo chake, na usikate njia yako mwenyewe ya kushukia. Kila njia mpya huwa mfereji mvua ikinyesha, na msimu mmoja tu unatosha kuangusha kipande ambacho mizizi ilikishikilia miaka.

Chini ya mguu kuna mambo matatu ya kuangalia. La kwanza ni wale wadudu weusi wenye miiba mirefu wanaokaa kwenye mashimo ya mwamba na kwenye nyasi za bahari. La pili ni taa, samaki bapa mwenye mwiba, anayejifukia mchangani kwenye maji ya kina kifupi. Buruta miguu badala ya kuinua, naye atakimbia. La tatu ni samaki mwenye sumu anayefanana na jiwe, ambaye hakimbii. Vaa yeboyebo au viatu vyovyote vya plastiki vyenye soli ngumu, hata ndani ya maji.

Raskazone

Maji: upande unaotazama ghuba ya Tanga umekingwa, mawimbi ni madogo. Mchanga uko vipande vipande chini ya mwamba, na kwenye bamvua vipande vingi hupotea kabisa jioni. Uzuri wake ni kwamba hapa maji kujaa si hasara: palipo na ngazi unaingia kwenye maji ya kuogelea bila kutembea mbali. Asubuhi ya bamvua unatembea chini ya magenge, jioni yake unaogelea kutoka kwenye ngazi. Hakuna ufukwe mwingine kati ya hii minne unaokupa yote mawili katika siku moja kwa urahisi hivyo.

Genge: ni mwamba mtupu, mita kadhaa, wenye upenu mwingi. Shuka kwa ngazi za vilabu vya kuogelea, kwa kiingilio, au kwa njia zinazotumiwa na wavuvi. Usijaribu kukwea, lile jiwe huvunjika mkononi.

Chini ya mguu: mchanganyiko wa mchanga, changarawe ya matumbawe na mwamba wenye utelezi. Wale wa miiba wapo. Unapoogelea usitoke nje kwenye njia ya mashua na vyombo vya bandari.

Utulivu: siku za kazi, asubuhi, ni kimya cha kushangaza kwa mahali palipo ndani ya jiji. Jumamosi, Jumapili na sikukuu pamejaa, muziki upo. Sehemu zilizojificha ncha ya rasi hazifai kwenda peke yako na simu mkononi, hasa jua likikaribia kuzama.

Safari: kilomita tatu hivi kutoka katikati ya mji. Bajaji inakufikisha kwa dakika chache, na kwa kuwa Tanga ni mji wa baiskeli na barabara ni tambarare, baiskeli ndiyo bora zaidi. Hospitali ya rufaa ya Bombo iko njiani, upande huohuo wa bahari. Kwa usalama, hakuna ufukwe mwingine unaokaribia huo ukaribu.

Mpenda historia ana sababu ya ziada: ni kwenye fukwe hizi za Raskazone ambapo jeshi la Waingereza, wengi wao askari kutoka India, lilishuka mwanzoni mwa Novemba 1914 kuja kuuteka mji, likarudishwa na Wajerumani na askari wao chini ya Lettow-Vorbeck. Ukisimama chini ya mwamba, maji yakiwa magotini, ukatazama juu, unaelewa upesi kwa nini kushuka hapa na mizigo hakukuwa kazi ndogo.

Kigombe

Maji: ufukwe mpana, na maji yakipwa huondoka mbali sana, yakaacha uwanja wa mchanga, madimbwi na nyasi za bahari. Kuogelea ni maji yakijaa tu. Kutembea ni wakati wowote yakiwa yamepungua.

Genge: asiyetaka habari za magenge atapumua hapa. Mwamba ni mfupi na wa vipande, ukipokezana na mchanga na mikoko; hatari ya kuzibiwa njia ni ndogo, ila pita upande wa mchanga, usiingie kwenye vihori vya mikoko maji yakianza kurudi, kwa sababu matope hushika mguu.

Chini ya mguu: nyasi za bahari ndizo za kuangalia, maana taa hupenda humo.

Utulivu: hiki ni kijiji cha wavuvi kinachofanya kazi. Maji makavu ya bamvua utakuta watu wameingia mwambani kutafuta pweza na chaza, wengine wanakagua madema, mitego yao ya samaki. Huo ndio utulivu wake: watu wapo, kelele hazipo. Mgeni aheshimu. Amkia wakubwa, omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu au samaki wake, usikae kwenye diko wakati mashua zinaingia, na vaa kanga au suruali unapopita kijijini. Ukimsalimia mvuvi mzee, "Shikamoo baba, maji yanarudi saa ngapi leo?", utapata jibu lililo sahihi kuliko programu yoyote ya simu, na mara nyingi utaongezewa na onyo la mahali pa kutokanyaga.

Safari: kama kilomita 30 kusini mwa jiji, kwenye barabara ya Pangani, kati ya mashamba ya mkonge. Magari ya Pangani yanakushusha njiani, kisha ni mguu au bodaboda. Njiani kuna magofu ya Tongoni, msikiti na makaburi ya zamani kando ya bahari. Saa moja inatosha kuyaona, na yanafaa sana kama umefika mapema kuliko maji. Hospitali iliyo karibu kwa jambo zito ni ya Tanga.

Maji ya Kigombe yamo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyotangazwa mwaka 2009 kumlinda yule samaki wa kale ambaye wavuvi wa pwani hii walimnasa mara nyingi katika nyavu za kina kirefu. Kwa mgeni maana yake ni kwamba kupiga mbizi na kuvua kuna taratibu na ada. Ulizia ofisi ya hifadhi kabla ya kukodi chombo.

Mkoma

Hapa ndipo panapokaribia zaidi kile ambacho wengi wanakitafuta: gema juu, minazi na vichaka ukingoni, mchanga mtupu chini, na mara nyingi hakuna mtu. Ni kaskazini mwa mji wa Pangani, kilomita chache tu.

Maji: ndiyo kigezo kinachotawala kila kitu Mkoma. Kwenye bamvua, asubuhi unapata mchanga mpana wa kutembea kwa muda mrefu chini ya gema. Jioni yake bahari iko chini ya ukuta. Aliyepanga kulala mchana kwenye mchanga na kuamka saa tisa amepanga vibaya. Kwenye maji mafu mchanga haufunikwi kama hivyo, lakini pia haufunguki sana. Utapata ukanda mwembamba siku nzima, na ncha nyingine hazipitiki kwa miguu mikavu. Tofauti nyingine na Raskazone: pwani hii iko wazi kwa kusi, kwa hiyo Julai mchana mawimbi hupiga kwa nguvu zaidi.

Genge: nyumba za wageni zimejengwa juu, na ngazi zao ndizo njia salama za kushuka. Kama hukulala hapo, ingia, salimia, nunua soda au chakula, kisha omba kushuka. Hukataliwa mara chache. Kabla hujaondoka kwenye ngazi, geuka uitazame kutoka chini na uweke alama kichwani, mnazi ulioinama au paa la makuti, kwa sababu ukiwa mbali ngazi zote hufanana na kichaka. Hesabu pia ngazi nyingine unazozipita. Hizo ndizo milango yako ya dharura.

Chini ya mguu: mchanga mzuri kwa sehemu kubwa, na mabamba ya mwamba yanayojitokeza maji yakipwa. Ukiogelea, kaa mbali na mdomo wa Mto Pangani. Maji yanapotoka, mto husukuma kuelekea baharini kwa nguvu inayomshinda muogeleaji hodari, maji ni ya matope, na mamba wapo mtoni. Wakati wa masika, rangi ya kahawia ya mto huenea hadi kwenye fukwe za jirani. Haikudhuru kwa kuitazama, ila huoni unapokanyaga.

Utulivu: mkubwa, siku za kazi karibu kamili. Kimya hicho kina bei yake: ukiteguka mguu, hakuna atakayekuona mpaka umpigie mtu. Nendeni wawili au zaidi, na mwacheni mtu juu anayejua saa mtakayorudi.

Safari: kutoka Tanga ni kilomita 50 hivi hadi Pangani. Gari la abiria, kisha bodaboda. Hospitali ya wilaya iko Pangani mjini, karibu.

Ushongo

Tuseme wazi: Ushongo hauna magenge. Umo humu kwa sababu watu wengi wanaosema wanataka ufukwe wa chini ya genge, ukiwauliza vizuri, wanataka mchanga safi, kimya na bahari tupu mbele yao. Hayo Ushongo unayo kwa wingi.

Maji: mchanga mweupe na mpana unaobaki hata maji yakijaa, kwa hiyo huhitaji kukimbizana na saa. Maji yakipwa huenda mbali. Kuogelea kuzuri ni saa mbili kabla na saa mbili baada ya kujaa. Kwa bamvua hiyo ni alasiri, kwa maji mafu ni asubuhi hadi adhuhuri.

Genge: hakuna cha kukuangukia isipokuwa nazi. Usitandike chini ya mnazi wenye matunda.

Chini ya mguu: laini, ya kutembea bila viatu kwa sehemu kubwa ya ufukwe.

Utulivu: siku nzima na usiku. Kasa wa kijani hutaga pwani hii. Kisiwa cha Maziwe, fungu la mchanga lililo mbele ya Pangani, kilikuwa na mivinje hadi bahari ilipokimomonyoa na miti kutoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sasa maji makubwa hukifunika, na mayai ya kasa yanayotagwa huko huhamishiwa Ushongo ili yasizame. Mayai huanguliwa baada ya siku 55 hadi 60. Ukiwa ufukweni usiku, zima tochi na usiwashe moto mkubwa: watoto wa kasa huelekea kwenye mwanga, na taa ya nchi kavu huwapoteza njia ya bahari. Safari ya Maziwe hufanywa maji yakipwa, kwa boti, na kuna ada ya hifadhi. Kivuli hakipo hata kidogo kule. Beba mwavuli na kofia.

Safari: hapa ndipo Ushongo unapodai. Ni kusini mwa Mto Pangani, kilomita 15 hivi kutoka mtoni. Mto umezoeleka kuvukwa kwa kivuko hadi Bweni, na daraja la mita 525 limekuwa likijengwa kama sehemu ya barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo. Kabla ya kuondoka Tanga, uliza hali ya kivuko na ya barabara, na usipange kuvuka usiku. Kwenda na kurudi Tanga siku moja kunawezekana, lakini utatumia mchana wako garini. Lala angalau usiku mmoja. Ukiumia sana, mto uko kati yako na hospitali, jambo la kuzingatiwa na mwenye mgonjwa au mtoto mchanga.

Cha kubeba, kokote uendako

Maji ya kunywa lita tatu kwa mtu, maana chini ya genge joto hurudishwa na jiwe. Kanga mbili, moja ya kukalia na moja ya kujifunika. Simu ndani ya mfuko usiopenya maji, ikiwa na salio na chaji. Mfuko wa taka zako na za aliyekutangulia. Chupa inayoachwa chini ya genge huondoka na maji ya jioni moja kwa moja hadi kwenye matumbawe.

Beba pia chupa ya chai yenye maji ya moto. Mtu akichomwa na taa au na samaki wa sumu, tumbukiza sehemu iliyochomwa kwenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika, kama nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, huku mkimpeleka hospitali. Mtu mwingine, asiyeumia, ayapime kwanza kwa mkono wake, kwa sababu mwenye maumivu hahisi vizuri na anaweza kuungua. Aliyechomwa na yavuyavu, yule kiumbe laini wa baharini anayewasha, asisuguliwe kwa mchanga wala kumwagiwa maji ya bomba, humzidishia. Miiba ya wale weusi usiichimbe kwa sindano ufukweni, huvunjika ndani.

Konokono na makombe yaachwe yalipo. Kaa hukaa ndani yake, na matumbawe yaliyong'olewa huchukua miaka mingi kurudi.

Uende wapi, basi?

Una saa chache tu kati ya shughuli mjini: Raskazone, siku ya kazi, na uchague asubuhi au jioni kwa kutazama tarehe ya mwezi. Una watoto wadogo: Ushongo kama mnalala, Kigombe maji yakijaa kama mnarudi siku hiyohiyo. Usiwapeleke watoto chini ya magenge ya Mkoma kwenye bamvua mkiwa watu wazima wachache kuliko watoto. Mtoto hatembei kwa mwendo wa kuyashinda maji.

Wawili wanaotaka kimya na kuta za mwamba waende Mkoma tarehe 14 hadi 16 za mwezi mwandamo, walale juu ya gema, washuke saa tatu asubuhi. Mzee asiyeweza ngazi atafurahia Kigombe au Ushongo, ambako gari au bodaboda hukaribia mchanga. Mpiga picha anayetaka mwamba na mwanga wa alfajiri: Raskazone na Mkoma. Jua la jioni huzama upande wa bara, nyuma ya genge, na chini hapo huwa kivuli mapema, kwa hiyo asubuhi ndiyo yake.

Mwenye bajeti ndogo atapata mengi Kigombe: nauli moja, samaki wa diko, na ufukwe usio na kiingilio. Wakati wa masika, baki Raskazone. Barabara ni ya lami na hospitali iko jirani, ila kaa mbali na upenu.

Na kama leo ni tarehe 8 ya mwezi na huna siku nyingine, achana na mpango wa kutembea chini ya magenge. Fika Raskazone saa tatu asubuhi, uogelee maji yanapojaa, utoke kabla ya jua la saa saba. Au, kama tayari uko Pangani, vuka mto uende Ushongo, ambako maji mafu ya asubuhi ndiyo yenyewe ya kuogelea.